Atomu Zilipoanza Zenyewe

Tangu nirudi Kibiti, watu wananiletea friji. Mwenye makosa ni dada yangu Zubeda. Mtu akimuuliza mdogo wake alikuwa anafanya kazi gani huko Ujerumani miaka yote ile, yeye hujibu kwa mkato, "Alikuwa anapoza vitu." Basi jirani mmoja akaja na friji juu ya guta, nikalitazama, nikaona mpira wa mlango umekauka, nikaubadilisha. Lilipogandisha, sifa zikanitangulia hadi Nyamwage. Sasa siwezi kunywa chai ya saa nne bila kusikia "Hodi, fundi!" pale uani.

Dada hakusema uongo. Nilikuwa napoza vitu kweli, ila vitu vyenyewe vilikuwa atomu, na baridi yenyewe ilishinda ile ya anga za mbali kabisa. Nimeandika haya kwa ajili yenu vijana mnaoanza kazi za maabara, maana mwenzenu mmoja aliyewatangulia, Tumaini, ambaye mtamkuta humu mbele, ameniomba kwa muda mrefu, na mimi nimechoka kumwambia kesho. Vyeo sitavitaja. Vilikuja vilipokuja, na havikuwahi kuziba tundu hata moja.

Jina langu Mwajuma, mzaliwa wa kijiji cha Mkongo, nyumba ya wakulima wa mpunga. Nilisomea ufundi wa mitambo Dar es Salaam, nikaajiriwa kutengeneza vifaa vya maabara, na kutoka hapo nikapata nafasi ya mafunzo Ujerumani. Nilikwenda kwa ajili ya mafunzo mafupi. Hayo mafunzo mafupi ndiyo yaliyonizeesha.

Siku ya kwanza kazini ilikuwa ya baridi, na mimi kwa malezi ya kwetu nilijipaka mafuta ya nazi kuanzia usoni hadi vidoleni. Fundi mkuu wa maabara, mzee aliyeitwa Horst, alinipokea mlangoni, akavuta pumzi kwa pua, akauliza, "Ni harufu gani hii?"

Nikamwambia ni nazi.

"Nzuri sana," akasema. "Kanawe."

Nikanawa. Akanusa tena. "Kanawe tena."

Niliporudi mara ya tatu akanipa glavu, akanionyesha mezani bomba fupi la chuma cha pua, linang'aa kama sinia jipya. "Humu ndani," akasema, "tunataka pasiwe na kitu. Hewa isiwepo, vumbi lisiwepo, unyevu usiwepo. Ukigusa kwa kidole kitupu, mafuta ya kidole chako yatakuwa yanatoa mvuke humu mpaka utakapolisahau jina langu." Basi nikajua kwamba nimeajiriwa kulinda kitu kisichokuwepo. Wataalamu wanakiita ombwe. Nilipowaandikia watu wa nyumbani kuhusu hilo, kaka yangu alijibu kwamba kama kazi ni kulinda pasipo na kitu, hata yeye ana uzoefu.

Horst hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alifundisha kwa mikono. Boliti za chemba, chombo cha chuma tunamofungia ombwe, hazikazwi moja baada ya nyingine kwa duara, unakaza moja, unavuka upande wa pili, unakaza ya huko, kidogo kidogo, mpaka pete ya shaba iliyo katikati ibanwe sawasawa. Ukiwa na haraka, pete inapinda, na hewa inapata njia. Kutafuta tundu ni kazi nyingine. Chemba inaunganishwa na mashine ya kunusa gesi ya heliamu, kisha wewe unapita nje yake na kibomba kidogo, unapuliza heliamu taratibu kwenye kila kiungo. Mahali palipo na tundu, gesi inaingia na mashine inapiga kelele. Horst alikuwa akipuliza huku amefumba macho. Nilidhani ni ufundi wa hali ya juu, nami nikaanza kufumba. Siku moja akaniambia yeye hufumba kwa sababu taa ile inamuumiza.

Kazi yenyewe, kwa ufupi, ilikuwa hivi. Ndani ya chemba tunaachia mvuke wa madini yanayoitwa rubidi. Tunaumulika kwa leza kutoka pande zote. Watu wengi wanaujua mwanga kwa kuunguza, lakini ukichagua rangi yake vizuri, unazisukuma atomu kinyume na mwendo wake, zinapungua kasi, na kupungua kasi kwa atomu ndiko kupoa. Mwisho unabaki na kiwingu kidogo kuliko punje ya mchele, kimeelea katikati bila kugusa ukuta wowote, na atomu zake zote zimetulia kiasi kwamba zinafanya mambo kama kitu kimoja.

Likizo moja nilimweleza mama yangu habari hizo. Ulikuwa msimu wa kulinda mpunga, tumekaa juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu cha shambani, yeye ana kombeo lake la kufukuzia ndege.

"Kwa hiyo hizo atomu mnaziweka wapi?" akauliza.

"Kwenye chemba, mama. Zinaelea. Zimeshikwa na mwanga."

"Zimeshikwa na mwanga." Akarusha bonge la udongo, ndege wakaruka. "Zinakaa muda gani?"

"Kidogo tu. Zinakwisha, tunaanza tena."

"Na watu wazima mnaamka asubuhi mnakwenda kazini kwa ajili hiyo?"

"Ndiyo, mama."

Akawatazama wale ndege, walikwisha kutua upande wa pili wa shamba. "Sikucheki, mwanangu," akasema. "Na mimi nafanya kazi gani hapa?"

Likizo hiyo hiyo, mwalimu mmoja wa fizikia wa sekondari hapa Kibiti aliniomba nizungumze na wanafunzi wake. Nilieleza hadi nikatoka jasho. Kisha binti mmoja mwembamba akasimama nyuma, akauliza, "Samahani, mama. Hicho kipimajoto mnachopimia baridi, chenyewe hakizipashi moto?"

Nilifurahi mpaka nikakaa chini. Nikamwambia hatuna kipimajoto, tunapiga picha ya kiwingu, na picha yenyewe inakiharibu. Kila tukitaka kujua hali yao, tunawaua. Darasa likaangua kicheko. Yule binti hakucheka, alikuwa anafikiri. Nikauliza jina lake, nikaambiwa Tumaini, mtoto wa Nesi Paskalia wa zahanati, watu wa Kasulu waliohamia huku kikazi.

Miaka ikapita. Horst akastaafu, akaniachia spana zake na tabia ya kufumba macho. Siku moja niko chini ya meza ya leza, nimelala chali nafunga bomba la maji, nikasikia Kiswahili juu yangu.

"Shikamoo, mama."

Nikagonga kichwa. "Marahaba! Nani wewe?"

"Tumaini, mama. Wa Kibiti. Yule wa kipimajoto."

Alikuwa amekuja kusomea udaktari wa fizikia, na katika maabara zote alizoweza kuomba aliomba ya kwetu. Nilitoka chini ya meza na grisi mkononi, nikamkumbatia hivyo hivyo. Koti lake jipya likaharibika siku ya kwanza. Mpaka leo ananidai koti.

Mkuu wetu wakati huo alikuwa Profesa Renate, mama mrefu mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, na lengo lake lilikuwa moja: kutengeneza fuwele ya wakati. Niwaeleze kabla hatujaenda mbali. Chumvi ni fuwele. Ndani ya punje yake atomu zimejipanga safu kwa safu, mpango ule ule ukijirudia kutoka mahali hadi mahali. Fuwele ya wakati inajirudia kutoka muda hadi muda. Inabadilika, inarudi ilivyokuwa, inabadilika tena, na hakuna anayeipigia mapigo. Bembea ina mtu wa kuisukuma. Hapa leza inamulika kwa nguvu ile ile, haipandi wala haishuki, lakini atomu zenyewe zinajitungia mwendo na kuushika. Msije mkadhani ni nguvu ya bure, maana ukizima leza kila kitu kimekwisha.

Mtambo wetu ulikuwa na vioo viwili vidogo vinavyotazamana, kiwingu cha atomu katikati yake, na leza inayomulika kutoka ubavuni. Nguvu ya leza ikifika kiwango fulani, atomu zinajipanga ghafla na kuurusha mwanga kati ya vioo. Tulichokuwa tunasubiri ni mwanga huo uanze kupanda na kushuka wenyewe.

Asubuhi moja ukaanza. Tumaini aliniita kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka. Nikakimbia, nikakuta kwenye skrini mstari unapanda, unashuka, unapanda, unashuka, mzuri kama mshono wa cherehani. Renate alikwenda mwenyewe dukani kununua keki. Kulikuwa na mkutano mkubwa wa wanasayansi unakaribia, na yeye alikwisha kupangiwa kuzungumza. Muda wa masomo wa Tumaini nao ulikuwa ukingoni. Yaani kila kitu kilikuwa kimekaa mahali pake, hali ambayo katika kazi zetu inapaswa kukutia wasiwasi.

Kulikuwa na jaribio moja limebaki. Kama atomu zinaanza mwendo zenyewe, basi hazina sababu ya kuanzia pale pale kila siku. Leo zitaanza na kupanda, kesho na kushuka, safari nyingine katikati. Tumaini alirudia jaribio mara nyingi, akaweka kila mstari juu ya mwenzake. Mimi nilikuwa nimeshika kipande cha keki.

Mistari ilikuwa imelala mmoja juu ya mwingine, sawasawa, kama wanafunzi kwenye gwaride.

Renate aliinama mpaka pua ikakaribia skrini. Tumaini akaniambia kwa Kiswahili, polepole, "Mama, kuna mtu anazipigia ngoma."

Renate akauliza amesema nini. Nikamtafsiria. Akaitikia kwa kichwa, akaenda ofisini kwake, na kupitia mlango uliokuwa wazi tukamsikia akiwapigia simu wenye mkutano. "Hatuna matokeo," alisema. "Hapana, hayajachelewa. Hatuna." Nimefanya kazi na watu wengi hodari. Simu ile ndiyo ninayowasimulia watu nikitaka waelewe Renate ni nani.

Sasa tukaanza kumsaka mpiga ngoma. Mimi nilishikilia kwamba ni pampu ya maji. Nikaizima, nikaweka nyingine, mistari ikabaki vile vile. Nikasema basi ni feni za dari, tukazizima. Nikasema ni mitambo ya kupasha joto jengo, nayo ikazimwa, na ghorofa nzima ikafanya kazi na makoti huku wakinitazama vibaya kwenye korido. Mistari ilikaa pale pale. Mhasibu wa ghorofa ya chini alikuja kuuliza kama tunatafuta baridi ya atomu au ya wafanyakazi.

Tumaini ndiye aliyegusa kiini cha jambo, tukiwa tunakunywa chai tumeshika vikombe kwa mikono miwili. "Mama, feni haijui sisi tunaanza saa ngapi," akasema. "Pampu nayo haijui. Huyu anajua. Kila tukianza, na yeye anaanza."

Renate akaweka kikombe chini. "Endelea."

"Basi ni kitu tunachokiwasha sisi wenyewe, kila jaribio likianza."

Tukaketi mbele ya kompyuta, tukapitia kila kifaa inachokiamsha mwanzo wa jaribio. Tulipofika kwenye kifuniko kidogo cha chuma kinachofungua njia ya leza, tulichokuwa tukikiita shata, mimi nikaenda nikaweka ncha ya bisibisi juu ya meza na mpini wake sikioni. Renate akabonyeza. *Tak.* Mlio mdogo, kama mtu anayegonga ulimi, lakini mezani ulikuwa unatembea hadi kwenye kioo. Shata lilifunga na kufungua kwenye meza hiyo kwa miaka, kwa majaribio mengine ambayo halikuyadhuru. Kwa hili la sasa, lilikuwa linakitikisa kioo, na atomu zilikuwa zinaitikia.

Nililitengenezea mguu wake wenyewe, umesimama sakafuni bila kugusa meza, na chini yake nikaweka vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Tukarudia jaribio. Mstari ukawa umenyooka. Hakuna kupanda, hakuna kushuka. Tulikuwa tumemwondoa mpiga ngoma, na wachezaji wameondoka naye.

Tumaini alikuja karakana yangu, akakaa juu ya sanduku la boliti. Alikuwa halii, lakini macho yalikuwa mekundu. "Mama Mwajuma, pengine tungeliacha lile shata."

"Ungelala?"

"Ningelala. Tatizo ni kuamka."

Nikacheka, naye akacheka, kisha ndipo akalia. Nilimpikia wali siku hiyo, na samaki wa kopo kwa tui la kopo. Chakula kilikuwa kibaya, akala chote. Nikamwambia asubuhi twende tukaanze upya, maana sasa angalau meza imetulia, na kwenye meza iliyotulia mtu unaweza kusikia vitu vidogo.

Ndivyo ilivyokuwa. Renate aliomba Tumaini aongezewe muda wa masomo, akapewa muda mfupi. Tukaanza kupandisha nguvu ya leza taratibu mno, na kuibadilisha rangi yake kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Siku nyingi hazikuwa na kitu. Kiwingu kinakuja, kinapigwa picha, kinakufa. Nilianza kuvionea huruma viwingu vile.

Kisha, mchana mmoja wa mvua, mstari ukatikisika. Ukapanda kidogo, ukashuka, ukapanda. Tumaini hakuniita. Alikwisha kujifunza kutopiga kelele. Alirudia, akarudia, na tulipokusanyika sote akaanza kuweka kila mstari juu ya mwenzake. Wa kwanza ukaanza kwa kupanda. Wa pili ukaanza kwa kushuka. Wa tatu ukaanza katikati. Kila alipoongeza, picha ilizidi kuchafuka, mpaka skrini ikawa kama uwanja wa shule kengele ya kutoka ikishalia, kila mtoto na upande wake. Mapigo ni yale yale, lakini kila kiwingu kilichagua chenyewe pa kuanzia.

"Tazameni ilivyo mbaya," Renate alisema, na sauti yake ile kubwa ilikatika katikati. "Sijaona kitu kibaya kizuri namna hii."

Tumaini alitoka kwenda koridoni kumpigia mama yake, akaweka spika ili na mimi nimsalimie. "Mama! Zimeanza zenyewe!"

Kutoka Kibiti, Nesi Paskalia akauliza, "Nani hao?"

"Atomu, mama!"

"Haya, Bwana asifiwe." Kisha akaongeza, "Umekula lakini?"

Tulingoja tena kabla ya kutangaza. Renate alitutaka tujaribu kuivunja fuwele ile kwa kila njia. Tuliichezea leza, tukaivuruga makusudi, na mwendo ukayumba kidogo ukarudi. Ndipo alipokwenda mkutano mwingine akazungumza, na Tumaini akasimama naye jukwaani. Alipata udaktari wake, na sasa anafundisha Dar es Salaam. Wanafunzi wake wakija Kibiti kunitembelea wananiita bibi. Nimewakataza mara kadhaa, hawasikii.

Nami miaka yangu ikatimia. Wiki yangu ya mwisho kazini iliangukia wakati chemba ilipohitaji kufunguliwa, kwa sababu kikundi kipya kilitaka kubadilisha vioo. Hiyo ilikuwa chemba niliyoifunga kwa mikono yangu mwenyewe, na tangu siku hiyo ndani yake hapakuwahi kuingia pumzi. Walikuwa wamepanga hotuba na maua. Niliwaambia maua yasubiri, leteni spana.

Chemba haifunguki mpaka ijazwe gesi kwanza, lakini hatukuingiza hewa ya chumbani, iliyojaa unyevu na pumzi za watu. Tuliunganisha mtungi wa naitrojeni kavu, nami nikashika vali. Vijana wakasogea wote. Nikaizungusha kidogo tu, na tukasikia *sss* ndogo, ndefu, ikapungua, ikaisha. Miaka yote ile ya kulinda pasipo na kitu, na mwisho wake haukufika hata urefu wa salamu. Nilidhani nitalia. Nilijikuta nacheka, na kijana mmoja aliyekuwa karibu yangu akaanza kucheka bila kujua sababu, kisha wote.

Nikalegeza boliti, moja, nikavuka, ya upande wa pili, mpaka mfuniko ukaachia. Ndani palikuwa safi, panang'aa. Nikapatazama kwa muda, kisha nikavua glavu zangu, nikaziweka mezani kando ya pete mpya ya shaba.

"Haya," nikawaambia. "Kufunga ni kazi yenu."